UZI: Watu wameogopa kuandika imeli juu "serikali inasoma". Wacha tuongee ukweli wa hii kitu

Omera_Ksm, Kisumu

Wakuu hamjambo. Niko Kondele na hii kitu imenikaa kwa roho, wacha niitoe. Tuko na kikundi cha wakaazi na wafanyibiashara wadogo, tulikuwa tunaandika maoni yetu kuhusu ada za soko tupeleke kaunti kwa imeli vile tangazo lilisema. Barua tumeiandika vizuri, tumebishana kila mstari mpaka tukaelewana, lakini ilipofika mahali pa kuweka jina na imeli watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Kuna mama wa samaki, mtu haogopi kanjo hata kidogo, akasema yeye atatoa pesa ya kuprinti lakini imeli yake isionekane popote juu "hao watu wanasomanga zote". Kijana mwingine amemaliza chuo juzi, akasema alifunga Gmail yake baada ya maandamano ya 2024 na hataki kuskia mambo ya kuandikia ofisi yoyote. Barua mpaka saa hii imekaa tu kwa laptopu.

Sasa mimi siwezi ambia hawa watu hakuna kitu ya kuogopa, nitakuwa nawadanganya. Albert Ojwang alikuwa mwalimu, alishikwa kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 juu ya maneno yaliyoandikwa X kuhusu naibu wa Inspekta Jenerali wa polisi, akabebwa mpaka Nairobi, na kesho yake alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi pale Central. Homa Bay ni hapa tu. Hakuna mzazi huku hajaambia mtoto wake achunge vidole tangu hio siku. Na wiki moja kabla ya hapo Rose Njeri alikuwa ameshashikwa Nairobi, 30 Mei, eti kosa lake ni kutengeneza tovuti ya kusaidia wananchi kutuma imeli bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Imeli! Kitu ambacho bunge lenyewe huomba watu watume kila mwaka. Akalala ndani wikendi nzima mpaka Madaraka Dei ikampata seli, wakachukua mashine zake, alafu 20 Juni korti ikaitupa ile kesi juu mashtaka yenyewe hayakuwa yameonyesha kosa.

Kwa hivyo uoga uko na mahali umetoka, sitaki mtu aje hapa kuwaita watu waoga. Lakini angalieni vizuri hizo stori mbili. Zote zilianzia kwa vitu viko wazi, maneno ya X na tovuti ambayo mtu yeyote angefungua. Hakuna mahali mtu alipasua inbox ya mtu. Na sisi hapa tunaogopa mtu ameketi Nairobi anapekua imeli zetu moja baada ya ingine, na hapo hapo paswadi zetu ziko kwa sayba, namba ya kurudisha akaunti ni ya shemeji, simu haina loki, na Gmail imeachwa wazi kwa kompyuta ya ofisi. Naona tunaogopa mahali sipo, na inatuumiza mara mbili: tunanyamaza kwa mambo tulipaswa kusema, alafu mlango wenye unapitwa kila siku hatuushughulikii.

Mwenye anajua hii kitu vizuri, iwe upande wa sheria ama wa mitambo, aongee ndio niende na majibu kwa kikundi. Nataka kuwaambia ukweli, pamoja na ule mbaya.


Kijana_58, Nakuru

Omera umeongea vizuri lakini mimi sikubali hapo kwa "mahali sipo". Wewe unakumbuka Snowden, yule jamaa wa ujasusi wa Marekani? 2013 ametoa zile karatasi za siri za NSA, shirika lao la kunasa mawasiliano, na 2014 gazeti la mtandaoni The Intercept wakaandika waziwazi kwamba Kenya iko kati ya nchi ambazo Marekani ilikuwa inakusanya rekodi za simu zote, mradi ulikuwa unaitwa MYSTIC, sisi pamoja na Mexico na Ufilipino. Si simu za magaidi, za nchi nzima, nani amepigia nani, saa ngapi, wameongea dakika ngapi. Hio ni miaka imepita na vifaa vya wakati huo, saa hii unafikiri wako wapi? Mimi yule mama wa samaki namuelewa kabisa. Mtu akishajua anaangaliwa hawezi andika kitu iko kwa roho yake, ataandika kitu ya kupendeza.


Mwl_Ugenya

Nauliza tu, samahani kama ni swali la chini. Mimi nina Yahoo tangu nikiwa chuo cha ualimu. Nikituma imeli kutoka huku Ugenya kwa bando ya simu, ile kampuni ya laini inaweza kuisoma? Kwa staff room tumebishana mpaka chai ikapoa na kila mtu ana lake.


FundiNaks

Mwalimu hilo swali si la chini, ndio lenyewe. Wacha nilijibu pole pole juu watu wengi wanachanganya hapa.

Ukifungua imeli kwa simu, iwe Gmail iwe Yahoo, ile safari kutoka kwa simu yako mpaka kwa seva yao imefungwa na kitu inaitwa TLS, ndio ile kufuli ndogo ulikuwa unaona juu kwa brauza. Kampuni ya laini iko katikati, inaona umeenda Yahoo, saa ngapi, umetumia data kiasi gani, na uko karibu na mlingoti gani. Maneno yenyewe haioni. Ni sawa na bahasha imegundishwa, posta anaona anwani na stempu. Kwa hivyo kwa staff room mwenye alisema "kampuni ya laini inasoma" amekosea, na mwenye alisema "hawaoni kitu" pia amekosea.

Ikifika kwa seva sasa, hapo ndio watu hawafikirii. Yahoo ama Google wao wako na funguo. Imeli yako imelala kwao ikiwa inasomeka, mashine zao zinaipitia kutafuta spamu na virusi. Google mpaka 2017 walikuwa wanapitisha imeli za watu kwa mashine ndio wajue watakuonyesha tangazo gani, hio ya matangazo wakasema wameacha. Na Yahoo mwalimu, pole, lakini hio ndio iko na historia mbaya kuliko zote. 2013 waliibiwa data ya akaunti zote, bilioni 3, na ilichukua mpaka 2017 kukubali ni zote. Alafu 2016 Reuters wakatoa kwamba mwaka wa 2015 Yahoo walikuwa wametengeneza programu ya kupekua imeli zote zinazoingia kwa ajili ya majasusi wa Marekani. Zote, za kila mtu. Kwa hivyo Kijana_58 hajakosea kabisa, upekuzi wa jumla umewahi fanyika. Tofauti ni kwamba ulifanyika kule kwa kampuni, kwa amri ya serikali yao, haukufanyika kwa laini yako ya Ugenya.

Kitu ingine kabla nisahau. Imeli ya kazini si yako. Ile ya kampuni, ya shule, ya kaunti, kuna mtu wa IT ameketi mahali anaweza kuifungua akitaka na si lazima akuambie. Nimefanya hio kazi, najua vile paneli inakaa: orodha ya majina yenu wote, na kando ya kila jina kuna kitufe cha kuweka paswadi mpya. Ukitaka kuandikia mwanahabari ama wakili kuhusu mdosi wako usitumie hio, na usitumie kompyuta yao hata kama umefungua Gmail yako mwenyewe.


WakiliMdogo_Kk, Kakamega

Upande wa sheria wacha niseme, niko mwaka wa mwisho kwa hivyo mawakili wakubwa wakiwa hapa wanirekebishe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha na imetaja wazi mawasiliano yake yasiingiliwe. Hio ni sheria mama. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya 2018 inaruhusu polisi kupata data yako ama hata kunasa mawasiliano yanapoendelea, lakini wanatakiwa waende kortini waombe amri, waeleze ni ya nani na ni ya kosa gani. Majasusi wa NIS nao, kwa sheria yao ya 2012, wanahitaji kibali cha Mahakama Kuu. Kwa karatasi tumepangwa vizuri.

Sasa ukweli mbaya wenye Omera ameomba. Baada ya shambulizi la Westgate 2013, bunge likapitisha yale marekebisho ya sheria za usalama Desemba 2014, mnakumbuka siku wabunge walipigana ndani ya ukumbi mpaka maji yakamwagiwa naibu spika. Ndani yake kulikuwa na kifungu kikaingizwa kwa sheria ya ugaidi, 36A, kinaruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kugundua na kuzuia ugaidi, na kikaacha utaratibu utengenezwe na Waziri. Korti Februari 2015 ikafuta vifungu vinane vya ile sheria lakini hiki ikakiacha. Mimi binafsi naona hapo ndio tulipoteza kitu kikubwa na hatukulia vya kutosha, juu neno ugaidi limeshatumika kwa vijana wa maandamano. 2025 tumeona watu wakipelekwa korti ya Kahawa na mashtaka ya ugaidi kwa sababu ya maandamano. Ukishaunganisha hizo mbili unaona kwa nini yule kijana wa Kondele amefunga Gmail yake.

Na 2017 shirika la Privacy International walitoa ripoti wakasema NIS iko na njia ya moja kwa moja kwa mitandao ya simu hapa nchini. Hio ni simu na meseji za kawaida. Kwa hivyo kama ni kuogopa kusikizwa, ogopa simu ya kupiga na SMS kwanza kabla ya imeli.


Kijana_58

Sasa wakili, imeli iko kwa seva za Marekani. Polisi wa hapa wanaipata aje? Na hao Wamarekani si wana katiba yao, haitulindi?


WakiliMdogo_Kk

Wanapata kwa njia tatu. Kuna ile ya serikali kwa serikali, tuko na sheria ya kusaidiana kisheria ya 2011, inapita kwa ofisi nyingi na inakaa sana. Kuna ya kuandikia kampuni moja kwa moja, Google hutoa ripoti kila nusu mwaka ya maombi ya serikali nchi kwa nchi, na kwa hio ripoti mtu anaweza angalia Kenya iliomba mara ngapi na ilikubaliwa kiasi gani, si siri. Alafu kuna ile rahisi kuliko zote: kukuchukua wewe na simu yako.

Kuhusu katiba yao, hapana. Wana sheria ya ujasusi wanaita FISA, kifungu cha 702 kilipitishwa 2008, na kimeandikwa kwa ajili ya watu ambao si Wamarekani na hawako Marekani. Yaani mimi na wewe. Jaji wao hatoi kibali cha mtu mmoja mmoja, anapitisha utaratibu wa mwaka mzima. Wakaiongeza tena muda 2024. Hio inanikasirisha kila nikiifikiria, kwamba barua ya mama wa Kisumu kwenda kwa binti yake Busia ina ulinzi mdogo kuliko ya mtu wa Chicago kwa sababu tu ya pasipoti, na zote ziko kwa seva moja.


Mwl_Ugenya

Asanteni sana mmenifungua macho. Sasa nihame? Mwanangu ananiambia niende kwa imeli ya Proton, eti hio hakuna serikali inaweza.


FundiNaks

Mwalimu "hakuna serikali inaweza" usiamini mtu akikuambia hivyo, hata mimi.

Proton ni nzuri, walianza 2014, watu walikutana kule CERN, kituo cha utafiti wa sayansi, wako Uswisi. Imeli zako zinalala kwao zikiwa zimefungwa na funguo iko na wewe, wao wenyewe hawawezi zisoma. Lakini 2021 mamlaka ya Uswisi iliwaamuru waweke rekodi ya anwani ya IP, ile namba inaonyesha umeingia kutoka mtandao gani, ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa, polisi wa Ufaransa walipitia Europol, shirika la polisi la Ulaya, na wakatoa. Maneno ya imeli hawakutoa juu hawana namna ya kuyasoma. Ile IP ilitosha kumpata mtu. Tuta, kampuni ingine ya imeli ya Ujerumani, pia korti iliwahi kuwalazimisha 2020 watege akaunti moja, imeli zinazoingia zikiwa hazijafungwa.

Na kuna mmoja ambaye mimi humheshimu sana. Ladar Levison alikuwa na kampuni ndogo ya imeli Texas inaitwa Lavabit, Snowden alikuwa anatumia hio. 2013 FBI wakakuja wakataka funguo za seva nzima, yaani wapate uwezo wa kusoma wateja wote, watu zaidi ya laki nne, juu ya mtu mmoja. Jamaa akazichapisha kwa karatasi kwa herufi ndogo sana, kurasa 11, akawapa. Korti ikakasirika ikamwambia kila siku atalipa faini dola 5,000 mpaka atoe zenye kompyuta inaweza soma. Akazitoa, alafu 8 Agosti akafunga kampuni yote, akasema hawezi kushiriki. Watu hawawezi kujua thamani ya mtu kama huyo mpaka wakose.

Kwa hivyo mwalimu, hama kama unataka lakini ujue mipaka. Ukituma kutoka Proton kwenda kwa mtu wa Gmail, kopi yake imelala Google inasomeka kama kawaida. Ili ifungwe mwanzo mpaka mwisho wote wawili muwe Proton, ama utume ile yao ya kufunguliwa na paswadi, ama mtumie PGP, ile programu ya kufunga imeli ya Phil Zimmermann ya 1991, ambayo nitasema ukweli watu wengi inawashinda na siwalaumu. Na kichwa cha imeli, ile sabujekti, kwa Proton haifungwi hivyo. Tuta wao wanaifunga. Usiandike "Ushahidi wa wizi wa pesa za kaunti" hapo juu alafu useme umejificha.

Kama ni siri ya kweli usitumie imeli kabisa. Tumia app ya meseji ya Signal, weka meseji zijifute. Imeli ilitengenezwa zamani kwa watu walioaminiana na itabaki hivyo.


MamaSayba_Bgm

Wanangu, nimesoma yote na nafurahi mnaelewesha watu, lakini mnaongea Marekani na Uswisi na shida ya huku nyumbani imekaa chini ya kibodi.

Mimi nina sayba hapa Bungoma, si mbali na stendi. Nilipoichukua kwa mwenye alikuwa nayo nilikuta kaunta-buku zimejaa. Kila ukurasa jina la mtu, namba ya kitambulisho, imeli, paswadi. Ni hivi: mzee anakuja kufunguliwa eCitizen ama KRA, mtoto amekuja kwa mambo ya KUCCPS ya nafasi ya chuo ama HELB ya mkopo wa masomo, system inataka imeli, hana. Mhudumu anamfungulia Gmail hapo hapo. Paswadi anaweka jina la mtu na mwaka. Namba ya simu ya kurudisha akaunti anaweka yake mwenyewe mhudumu, juu mzee hajui kusoma ile meseji itaingia na nyuma kuna laini ya watu. Alafu anaandika kwa kitabu ndio mzee akirudi mwaka ujao kufaili ritani wasihangaike. Mzee anapewa nini? Anapewa risiti.

Sasa niambieni, mtu wa serikali ama mwizi ama jirani mwenye kesi ya shamba na huyo mzee akitaka imeli yake, ataandikia Google? Anakuja na mia tano anaomba kitabu. Na yule mhudumu wa zamani alishaenda na laini yake, na hio laini ndio iko na uwezo juu ya akaunti za watu sijui wangapi, na ndani ya hizo imeli kuna PIN ya KRA, kuna eCitizen, kuna barua za mkopo. Nilianza kupigia wenyewe waje wabadilishe, wengine namba hazishiki, wengine wananiuliza kama ni konmeni.

Omera huyo mama wako wa samaki muulize kitu moja tu: imeli yako ulifunguliwa na nani?


Omera_Ksm

Mama Sayba shikamoo. Nimeamka na hilo swali lako nikaenda nalo sokoni Kibuye kabla jua halijawa kali. Nimemuuliza akasema "ile ya KRA? Nilifunguliwa na kijana wa hapo juu ya ngazi." Paswadi hajui. Hajawahi kuifungua kwa simu yake hata siku moja. Imeli ambayo anaogopa serikali isome, yeye mwenyewe hajawahi kuisoma.

Na nikakaa naye pale kwa ndoo nikamuelezea vile Fundi na Wakili wameandika, nimejaribu kwa Dholuo vile naweza. Hajaacha kuogopa na mimi sikuenda kumuachisha. Lakini aliniuliza kitu ikanifungua: "sasa barua yetu ya ada si tunataka waisome?" Ndiyo, tunataka! Ile ni barua ya wazi kwa kaunti, ina majina juu inatakiwa kuwa na majina. Tumechanganya vitu viwili, barua ya kusomwa na barua ya siri. Ya kusomwa tuitume kwa imeli ya kikundi, tuweke majina ya wale wamekubali, tupate na kopi iliyopigwa muhuri kwa ofisi. Ya siri, kama mtu anajua nani anakula pesa ya soko, hio isipite kwa imeli kabisa.


Kijana_58

Hapo nimekubali. Bado nasema wanasikiza, lakini nimekubali tofauti ya hizo mbili. Swali langu la mwisho ni la simu. Nikishikwa kwa maandamano na simu, alafu nirudishiwe?


FundiNaks

Ukirudishiwa usiifungue uanze kuitumia hivi hivi. Kuna watengenezaji filamu Wakenya walioshikwa Mei 2025, vifaa vyao vilikaa kwa polisi, na waliporudishiwa vikapelekwa kwa Citizen Lab, maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Toronto. Septemba ikatangazwa kwamba baadhi ya zile simu ziliwekwa FlexiSPY zikiwa bado mikononi mwa polisi. Hio ni programu inauzwa tu mtandaoni, inasoma meseji, inasikiza simu, inafungua maiki. Ikiwa ndani ya simu, Proton haikusaidii, Signal haikusaidii, juu inasoma kile macho yako yanasoma.

Kwa hivyo weka PIN ndefu ya namba, na kabla ya kwenda mahali pa moto zima ile ya kidole na ya uso, juu kidole unaweza shikwa kikawekwa kwa nguvu. Simu ikirudi, toa akaunti zako kutoka kwa kifaa kingine kwanza, badilisha paswadi, alafu ipeleke kwa mtu anajua ama uisafishe yote ianze upya. Ukiweza, uiuze kama spea. Na weka PIN kwa laini yenyewe pia, watu husahau, mtu akichomoa laini akaiweka kwa simu ingine anapokea zile namba za kuthibitisha kama yeye ndio wewe.


WakiliMdogo_Kk

Na usitoe paswadi kituoni bila wakili. Omba waonyeshe amri ya korti ya kupekua kifaa. Wanaweza kukukasirikia, wanaweza hata kukupiga, sitakudanganya, lakini iandikwe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, kwamba wameichukua, aina ya simu na hali yake. Kesi inaweza kushindwa hapo baadaye.

Mama Sayba kuhusu vile vitabu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa, wewe ndio unashikilia data ya watu. Na wale wateja wakitaka wanaweza kulalamika kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Ile sheria ina msamaha kwa mambo ya usalama wa taifa kwa hivyo serikali inaponyoka hapo, lakini yule kijana wa juu ya ngazi haponyoki.


MamaSayba_Bgm

Asante mwanangu, ndio maana nataka nimalize hii kitu vizuri. Sasa kila mtu akija tunatumia namba yake, na paswadi anaichapa mwenyewe, mhudumu anaangalia pembeni. Shida imebaki wazee wa kabambe, ile simu ndogo ya batani, na wale hawaoni vizuri. Kabambe inaweza?


FundiNaks

Inaweza mama. Namba ya kuthibitisha inakuja kwa SMS ya kawaida, kabambe inapokea. Weka laini yake yeye, si ya mtoto wake, juu watoto wanabadilishanga laini.

Alafu fanya hivi. Ukishafungua akaunti na kuwasha ile ya kuthibitisha mara mbili, ingia kwa mipangilio ya usalama, kuna mahali Google inatoa kodi za akiba (backup codes), ziko 10, kila moja inatumika mara moja tu. Zichapishe kwa karatasi, mpe mzee aweke pamoja na title deed na kitambulisho, mahali huwa anaweka vitu vya maana. Akipoteza laini atarudi na ile karatasi. Paswadi aandike kwa kitabu chake cha nyumbani kwa mkono wake, ama aandikiwe na mtu wa nyumba yake. Chako kisiwe na kitu.

Kabla hajasimama kwa kiti ingia tena hapo kwa usalama, uangalie vifaa vilivyofunguliwa, toa kompyuta yako kwa hio orodha, na ufute ile faili ya hizo kodi za akiba kwa downloads. Hio downloads ndio watu wanasahau. Kompyuta za sayba nyingi ukifungua hapo utapata sivii na vitambulisho vya mtaa mzima.


MamaSayba_Bgm

Nimeenda kuangalia downloads. Ngoja nifunge mlango kwanza, hii itachukua jioni yote.